Kageha wa Kwanza

Saa tatu usiku Rispa Kageha ananipigia kutoka Kaimosi.
Mvua ya mawe imemfungia kwa dada yake, mto umemeza daraja,
na orodha ya malipo ya majani lazima ifike benki alfajiri.
"Limenikataa tena," asema. Hasemi ghala, hasemi mtambo.
Asema kama mtu aliyebisha mlango wa shangazi
akasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

Namuuliza maswali ya kazi yangu, yale ya kijinga:
herufi kubwa umezizima? Umeandika polepole?
"Nimeandika kama ninayemwandikia mtoto."
Mara kumi na nne. Nayaona majaribio yake
kwenye daftari la ghala, kila moja na dakika yake:
rkageha, nenosiri si sahihi.
rkageha, nenosiri si sahihi.

Mchana, ofisini Chavakali, mlango uohuo
humfungukia kabla hajakaa vizuri kitini.

Nashuka kwenye orodha ya ghala lenyewe, ile ya ndani,
isiyosomwa na mtu tangu kuta zipakwe rangi.
Msimamizi. Mgeni. Mashine ya kunakili.
Halafu huyu: rkageha,
amesajiliwa miaka tisa iliyopita, mwezi wa Machi.

Rodah.

Rodah wa hesabu, aliyepima sukari kwa kifuniko cha kalamu,
aliyeiita diski "kabati" na hakukosolewa na yeyote;
aliyestaafu akarudi Serem, na Agosti moja
tukapitisha bahasha ya mchango wa jeneza.
Yeye na Rispa hawakuwa ndugu.
Jina tu, na herufi ya mbele.

Basi ni hivi. Ofisini, kompyuta humtaja Rispa kikamilifu,
yeye ni nani na ametoka nyumba gani ya mtandao.
Akiwa mbali, akipita njia ya chini kwa chini,
jina hufika tupu, limelowa, halina mzazi.
Na ghala, kama boma lolote, huwatazama kwanza watu wake.
Lina rkageha wake. Lataka nenosiri la Rodah,
na Rodah alikwenda nalo.

Kidole changu kiko juu ya Futa.

Ila faili zake zimo, elfu tatu na ushei:
risiti za mbolea, mikopo ya karo, picha ya ng'ombe mmoja,
na folda aliyoiita USIFUTE_TAFADHALI.
Tena ghala halimjui Rodah. Lamjua 1007.
Jina ni kibandiko cha kutufaa sisi wa nje.
Nikimfuta, vitu vyote hivyo vitabaki vya 1007,
namba inayomiliki ng'ombe na haina mtu.

Na hili tulilijua zamani! Kituoni, penye mizani,
nani humwita Kisia kwa jina?
Akina Kisia ni watano, foleni moja, vikapu vimefanana.
Karani hainui hata macho: "Namba?"
Sisi wa kompyuta ndio tuliojiona werevu,
tukaliamini jina la ukoo na herufi moja.

Sifuti. Namwandika upya: rodah.kageha.wa.kwanza.
Nafunga mlango wake, asiingie mtu,
mali ibaki yake.

"Jaribu sasa."
Kwenye simu nasikia mabati ya Kaimosi yakipigwa,
mtoto wa dada mtu akikohoa,
vidole vya Rispa, polepole, kama anayemwandikia mtoto.

"Limefungua."

Orodha inaanza kupanda. Asilimia nne. Asilimia tisa.
"Kuna folda hapa imeandikwa usifute tafadhali. Ya nani?"
"Ya Kageha," nasema.
Mvua inajibu kwanza.
"Mimi?"